Kumpakia Mgeni

Mke wa Taratibu alimwaga konzi ya pumba kwenye mbao za chini za kipandio, akajipenyeza katika uwazi wa uzio, akasimama upande wa pili. Hakumtazama machoni ng'ombe dume aliyekuwa uwanjani. Alitazama kwato zake tu. Lori lilikuwa limerudishwa kinyumenyume mpaka likagusana na kipandio, mlango wa nyuma uko wazi, na ndani mlinuka majani makavu na mkojo wa ng'ombe wengine waliopita.

"Bado tu?" dereva aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori lake, viatu amevua.

"Bado."

"Mama, mimi napakia ng'ombe tangu sijaota ndevu. Mmoja anamkunja mkia, mwingine anapiga kelele, mlango unafungwa. Unarudi, chai yako bado ya moto."

"Huyu hakunjwi mkia."

"Kwani huyu nani? Mkwe wa bosi?"

Binti, aliyekuwa amekaa juu ya uzio, alicheka, kisha akaacha ghafla. Baba yake, Taratibu, alikuwa amelala ndani ya nyumba na dirisha lilikuwa wazi. Haikufaa asikie mtu anacheka.

Dume huyo aliitwa Mgeni. Jina hilo alipewa na binti siku alipoletwa jikoni ndani ya gunia, mama yake amekufa akimzaa. Alilala karibu na jiko, akanyonya chupa, akazijua sauti za watu kabla ya sauti za ng'ombe wenzake. Mgeni gani hukaa miaka mitatu, Taratibu alikuwa akiwatania, na hata sahani haoshi. Wiki iliyopita, wakati wa kujaza maji kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, Mgeni alimbana Taratibu kwenye nguzo ya lango. Mbavu zilivunjika, na nyonga ya kushoto pia. Hakuwa amekasirika. Wote waliokuwepo waliona kwamba hakuwa amekasirika. Alipomwachia mzee akaanguka, alisimama pale pale akimnusa shingoni, akingoja wacheze tena.

Sasa aliinama, akanusa ubao wa kwanza, akala pumba zote, akainua kichwa. Pua ilikuwa nyeupe. Kisha akageuka na kumfuata mke wa Taratibu kandokando ya uzio, kama alivyozoea kumfuata tangu akiwa ndama.

"Basi kwa leo," mama alisema.

"Basi nini?" dereva alishangaa. "Hata mguu hajaweka!"

"Ameweka pua."

"Pua!" Dereva alimgeukia binti. "Bosi ameniambia Ijumaa huyu awe machinjioni, na leo Jumatatu tumepakia pua."

*

Kitanda cha Taratibu kilikuwa kimehamishiwa sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani ulikuwa mwembamba, na wale waliomleta kutoka hospitali hawakuweza kupinda naye. Kwa hiyo kila aliyeingia nyumbani humo alimkuta yeye kwanza. Jioni hiyo mkewe alikuwa anamfuta mgongo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, upande mmoja tu, kwani upande mwingine haukugusika, pale mwenye ranchi alipobisha hodi na kuingia kabla hajajibiwa.

"Karibu, bosi," Taratibu alisema, akivuta shuka.

"Usijisumbue, usijisumbue."

Kulikuwa na kiti kimoja kizuri. Juu yake palikuwa na nguo zilizofuliwa, na chini yake chombo cha mgonjwa kilichofunikwa kwa gazeti. Mwenye ranchi alikiona kiti, akaliona na gazeti, akaamua kusimama. Alikuwa mtu asiye na maneno mabaya. Kwa miaka mingi alimwacha Taratibu aendeshe mifugo kwa namna yake: hakuna fimbo, hakuna mbwa, hakuna kupiga mbinja. Unasimama mahali ambapo ng'ombe anakuona, unasogea hatua moja, anaondoka. Akiondoka unarudi nyuma, naye anajua kwamba amefanya vizuri. Wanunuzi waliwasifu ng'ombe wa pale kwa utulivu wao, na mwenye ranchi alizipokea sifa hizo kama zake.

"Nimeongea na daktari," alisema. "Anasema miezi. Hata baada ya hapo, kuingia zizini..."

"Naelewa, bosi."

"Kazi haiwezi kungoja miezi. Na nyumba hii, mnajua, ni ya msimamizi wa mifugo. Si mimi, ndivyo ilivyo." Alimgeukia mke. "Mama, wewe umefanya kazi hii na mzee muda wote. Mimi sina shida na mwanamke. Ila watu wanasema, hawa wabembelezaji wa ng'ombe ndio walioumizwa. Wanasema fimbo ingemwokoa. Mimi niwajibu nini? Mpakie Mgeni kwa njia yenu, bila mtu mwingine kuumia, Ijumaa aondoke. Ukiweza, shika kazi, mkae hapa. Ukishindwa, mwenzenu Redio atampakia kwa njia yake, na Redio atahamia hapa."

"Sawa," mke alisema. Aliendelea kukamua kitambaa.

Mwenye ranchi alitazama nje dirishani. Mgeni alikuwa amesogea mpaka karibu na ukuta, akanyoosha shingo, na kichwa chake kikubwa kikaingia dirishani kama kilivyokuwa kikiingia kila siku. Mkono wa mwenye ranchi ulinyanyuka wenyewe kuelekea lile paji la uso. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mbele ya wageni wake, akimsukuma Mgeni naye Mgeni akimsukuma, wakicheka, wakipigwa picha. Mkono uliishia hewani. Akautia mfukoni.

Taratibu alitazama dari. Yeye ndiye aliyeuanzisha mchezo ule, siku Mgeni bado anayumba kwa miguu yake myembamba: kiganja kwenye paji, unasukuma kidogo, ndama anasukuma, nyumba nzima mnacheka. Kila mchunga ng'ombe anajua kwamba ndama dume hachezewi kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa akiwakataza vijana wapya. Lakini yule alikuwa wa jikoni, na mambo ya jikoni hawakuyahesabu kuwa kazi.

"Haya, mzee, pona," mwenye ranchi alisema, na kuondoka.

Mkewe alimvalisha shati. Akaenda dirishani, akakisukuma kile kichwa kwa ubao wa kukatia mboga, polepole, bila kukigusa kwa mkono, mpaka kikatoka. Akafunga dirisha. Kisha alisimama pale kidogo akingoja kuona kama kuna kitu kingemjia, machozi au hasira. Hakikuja kitu. Akaenda kumwaga maji.

*

Jumanne, Redio alifika uwanjani na fimbo. Walimwita Redio kwa sababu ya kuongea bila kupumzika, lakini siku hiyo alikuwa kimya. Fimbo ilikuwa mpya, imechongwa vizuri, na ndiyo ilikuwa fimbo ya kwanza kuonekana mkononi mwa mtu katika ranchi ile kwa muda mrefu. Aliishika kama mtu anayeshika mwavuli siku ya jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Bosi kasema nikae karibu. Lolote likitokea."

"Kaa. Ila si hapo. Hapo unamzibia njia."

Alihama. Binti alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Umekuja kupima mapazia ya nyumba yetu?"

"Wewe!" mama yake alimkaripia.

"Mwache, mama," Redio alisema. "Mimi pia nina watoto, nyumba yetu kule mabandani inavuja. Sikuomba mwenzangu avunjike."

Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli, binti alimsogezea nafasi kwenye uzio. Lakini baadaye mke wa Taratibu alimwona akitazama paa la nyumba yao, bati kwa bati, bila nia mbaya, kama mtu anavyotazama kitu dukani.

Kazi ilikuwa ngumu kwa namna ambayo hawakuwa wameizoea. Ng'ombe wengine wote walimwachia mtu nafasi: ukisogea wanaondoka, na kwa nafasi hiyo unaweza kuwaelekeza popote. Mgeni hakuwa na nafasi ya kumwachia mtu. Ukisogea, yeye ndiye anakuja. Njia yao yote waliyojivunia ilifaa kwa kila mnyama wa ranchi isipokuwa huyu waliyempenda. Kwake zilibaki pumba na sauti.

Siku hiyo aliweka kwato mbili juu ya mbao, zikatoa mlio wa ngoma, akashtuka akarudi. Mke wa Taratibu alingoja. Hakumwita. Dume alizunguka uwanja, akarudi mwenyewe, akaweka tena kwato mbili, akala. Alipomaliza aligeuka na kumkuta mama yuko ndani ya uwanja, ameinama kuokota debe. Aliinamisha kichwa. Paji la uso lilikuwa mbele, shingo imelegea, mkia unacheza.

"Mama!" binti alipiga kelele.

Redio aliruka na fimbo. "Kaa huko huko!" mama alisema bila kupaza sauti, na haikujulikana alikuwa anamwambia nani kati yao. Hakukimbia. Alimgeuzia Mgeni ubavu, akatembea kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, akapita kwenye uwazi wa uzio. Dume akafika kwenye uwazi, akaweka paji lake kwenye nguzo, akasukuma kidogo. Nguzo haikusukuma. Akaacha.

"Mungu wangu," dereva alisema. "Mimi ningekuwa nimeshafika mjini kwa miguu."

Mke wa Taratibu alitazama mikono yake. Haikuwa inatetemeka. Hilo lilimsumbua kidogo, kisha nalo likapita.

*

"Chumvi imesahaulika?" Taratibu aliuliza akiwa na kijiko mdomoni.

"Ipo."

"Mimi siionji."

"Hata mimi."

Alimlisha mpaka sahani ikaisha. Nje binti alikuwa anaosha ndoo za maziwa. Jumatano ilikuwa imekwenda vizuri: Mgeni alipanda kipandio chote, akasimama mlangoni mwa lori, nusu ndani nusu nje, akala, akashuka.

"Nasikia amepanda," Taratibu alisema.

"Amepanda."

"Nasikia unamwita kwa ile sauti ya chupa."

Ilikuwa sauti ya ulimi kugonga kaakaa, aliyoitumia usiku wa siku zile za mwanzo, Mgeni akiwa bado haoni chupa iko wapi.

"Mwachie Redio," Taratibu alisema.

"Nini?"

"Mwachie Redio ampakie. Apigwe. Atajua anapigwa, atajua watu wamemgeuka, basi. Itakuwa mbaya lakini itakuwa kweli. Usimwite kwa sauti ya chupa mpaka kwenye kisu, mke wangu. Sisi hatudanganyi ng'ombe. Maisha yangu yote sijamdanganya ng'ombe."

Mkewe aliweka sahani chini. Alikaa kwenye ncha ya kitanda, polepole, kitanda kisije kikamuumiza.

"Wale wa mwezi uliopita uliwapakia wewe," alisema.

"Wale ni..."

"Walipanda wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, hata kwato hazikugongana. Ulirudi hapa ukasema, leo wamepanda kama watu wanaoingia kanisani. Ulifurahi. Walikuwa wanakwenda wapi, baba?"

Taratibu alifumba macho.

"Sikusemi vibaya," mkewe alisema. "Nauliza tu. Walikwenda pale pale."

"Wale sikuwalea jikoni."

"Ndiyo."

"Kuna tofauti."

"Labda ipo. Mimi nimeitafuta tangu juzi nikiwa nakanyaga pumba, sijaiona. Nikiiona nitakwambia." Alimfuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Redio akimpiga, atamgeukia Redio. Redio ana watoto. Na mimi nikimwachia, Jumamosi tunakubeba na kitanda hiki kwenda wapi? Niambie mlango mmoja tu."

Alikuwepo kaka yake wa mjini, mwenye vyumba viwili na watoto sita. Alikuwepo dada yake mkewe, aliyekuja hospitali mara moja na kuuliza kama ranchi italipa. Taratibu alifikiria milango yote hiyo, mmoja mmoja, akiwa amefumba macho, na mkewe alimwacha aifikirie.

"Usimkimbize mwishoni," hatimaye alisema. "Watu huharibu mwishoni. Akiingia mara ya kwanza, usifunge. Mwache atoke. Aone kwamba kuingia si kitu. Ukifunga mara ya kwanza atageuka na kuukumba mlango, na mlango wa lori lile ni mbao kuukuu. Atawaua."

"Najua."

"Najua unajua."

Kisha Taratibu akasema kwa sauti ambayo si ya kazi, "Ananitafuta?"

"Kila asubuhi anasimama kwenye nguzo ile."

Taratibu alikubali kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali.

*

Alhamisi jioni mwenye ranchi alikuja mwenyewe, akaegemea uzio mbali kidogo. Dereva alikuwa amevaa viatu. Redio alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, fimbo imelala chini, na alikuwa ameanza kumsaidia binti kuzuia ng'ombe wengine wasilete kelele karibu.

Mke wa Taratibu alimwaga pumba kidogo mlangoni mwa lori na nyingi kule mwisho, karibu na chumba cha dereva. Akashuka, akazunguka nje, akasimama mbele, mahali ambapo mbao za ubavuni ziliachana, ili Mgeni akiwa ndani aweze kuuona uso wake.

Akagonga ulimi.

Mgeni alipanda. Kwato ziligonga mbao za kipandio, kisha mlio ukabadilika zilipofika kwenye sakafu ya chuma. Alisimama. Binti alishika mdomo. Kisha dume akaingia mzima mzima, kichwa, mabega, kiuno, mkia, akaenda mpaka mwisho, akaweka pua kwenye uwazi wa mbao, akapuliza pumzi ya moto kwenye shingo ya mke wa Taratibu, na kuanza kula.

Dereva alikuwa ameshashika mlango. Aliusogeza kidogo, kimya, kama mwizi. "Mama," alinong'ona. "Yumo! Nafunga."

"Usifunge."

"Yumo wote, mama! Mkia na kila kitu."

"Nimesema usifunge."

"Funga," mwenye ranchi alisema kutoka uzioni.

Dereva alimtazama mwenye ranchi, akamtazama mama, mikono ikiwa juu ya komeo. Redio alisimama kutoka kwenye tairi. Hakuokota fimbo. "Bosi," alisema, "mlango ule haumzuii akishtuka. Mwache mama."

Mwenye ranchi alisita, kisha akapunga mkono kwamba haya, fanyeni.

Walingoja. Ndani ya lori kilisikika kitu kimoja tu, meno makubwa yanasaga. Pumba zilipoisha Mgeni alilamba sakafu, akatazama pale uso ulipokuwa. Haukuwepo tena. Mke wa Taratibu alikuwa ameshazunguka na kusimama kwa mbali, nyuma ya uzio, upande wa kutokea. Akagonga ulimi. Dume aligeuka humo ndani, polepole kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, akashuka kipandio akitazama anapokanyaga, na kumfuata kandokando ya uzio mpaka zizini.

Mwenye ranchi alitoa kofia, akaivaa tena. "Kesho, mama. Kesho ndiyo siku yenyewe."

"Kesho, bosi."

Alipoondoka, dereva alimsogelea mke wa Taratibu. Utani ulikuwa umemtoka. "Sikufichi, mama, mimi sijawahi kuona hivi. Lakini tulikuwa naye mkononi. Na kesho akikataa?"

"Hatakataa."

Alisema hivyo akitazama mbao za kipandio, zilizokuwa zimelainishwa na pumba na mate. Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akasimama nalo. Binti alikuja kusimama ubavuni pake. Hawakushikana mikono. Kutoka dirishani ilisikika sauti ya Taratibu ikiita, si kwa haraka, akitaka kugeuzwa upande mwingine.

"Nenda kamgeuze baba yako," mama alisema. "Anzia begani, si kiunoni."

"Na wewe?"

"Nakuja."

Dereva alishika mlango wa lori ili aufunge, kama anavyofanya kila jioni kabla ya kulala.

"Usiufunge," mke wa Taratibu alimwambia. "Acha wazi vile vile, aamke aukute hivyo." Akachukua debe, akatazama ndani. Pumba zilizobaki zilitosha mara moja. Akalifunika kwa kipande cha bati lisiingie umande, akaliacha chini ya kipandio.